Grzimek, Ngorongoro na Fedha Zilizotoka Mbali

Kwa wakazi wa Karatu na Ngorongoro, jina la Profesa Bernhard Grzimek si geni. Hata hivyo, wengi hulifahamu kama jina lililoandikwa kwenye mnara wa mawe ulio ukingoni mwa Kreta, mahali ambapo magari ya wageni husimama kwa dakika chache kabla ya kuendelea na safari. Maisha ya mtu huyo yanastahili kusimuliwa kwa upana zaidi, kwa sababu ndani yake limo suala ambalo nchi yetu imelishughulikia tangu kabla ya Uhuru: fedha za watu wa nje zinapoletwa kwa nia njema, ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya matumizi yake, na ni ardhi ya nani inayozungumziwa?

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, uliokuwa ndani ya Ujerumani wakati huo na ambao leo uko Poland kwa jina la Nysa. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki dunia mtoto akiwa bado mdogo sana. Kijana huyo alisomea utabibu wa mifugo, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1933 na kuajiriwa serikalini, ambako kazi yake ilihusu afya ya mifugo, hususan kuku na uzalishaji wa mayai. Huo ulikuwa mwaka ambao Adolf Hitler aliingia madarakani. Kumbukumbu za utawala ule zinaonesha kuwa Grzimek alijiunga na chama cha Nazi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana baada ya vita. Msimulizi wa haki hawezi kuliruka, ingawa si lililomletea umaarufu.

Umaarufu wake ulianzia kwenye magofu. Mei 1945, vita vikiwa vinamalizika, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo ilikuwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu na kubakiwa na wanyama wachache mno. Mji wenyewe ulikuwa na njaa, na haikuwa dhahiri kwamba watu waliokosa mkate wangekubali kulisha viboko. Grzimek aliifungua bustani hiyo kwa umma ndani ya miezi michache, akaalika sarakasi na maonesho ya burudani ili kukusanya viingilio, na akaiongoza hadi mwaka 1974. Katika kazi hiyo alijifunza ustadi ambao baadaye uligusa hadi mitaa ya Karatu: namna ya kumshawishi mtu wa kawaida atoe fedha kidogo kwa ajili ya mnyama ambaye hana faida naye ya moja kwa moja.

Chombo alichokitumia ni Jumuiya ya Zuolojia ya Frankfurt, inayofahamika hapa nchini kwa kifupi cha FZS. Jumuiya hiyo iliasisiwa mwaka 1858, na kwa lugha ya leo ingeitwa asasi ya kiraia, kwa kuwa haikuwa idara ya serikali wala kampuni ya biashara. Ilikusanya michango ya wananchi wa Ujerumani na kuipeleka ilikokusudiwa. Tofauti hiyo kati ya fedha za serikali na fedha za jumuiya ya wananchi ilikuja kuwa na uzito mkubwa katika historia ya nchi yetu, kama itakavyoonekana.

Safari za Grzimek barani Afrika zilianza miaka ya hamsini. Kutokana na safari ya Kongo aliandika kitabu, na mwaka 1956 yeye na mwanawe Michael wakatoa filamu iliyobeba hoja ya kitabu hicho, kwamba wanyamapori wanakosa mahali pa kuishi duniani. Filamu ilipata tuzo katika tamasha la Berlin na kuingiza fedha nyingi kuliko walivyotarajia. Baba na mwana wakaamua kuzitumia fedha hizo kununua ardhi ili kuipanua Serengeti, wakaifikisha rai hiyo kwa utawala wa Waingereza uliokuwa ukiisimamia Tanganyika.

Hapa inafaa kueleza hali ilivyokuwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanza kufanya kazi mwaka 1951, mipaka yake ilijumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro na Kreta yenyewe. Ndani ya mipaka hiyo waliishi wafugaji wa Kimaasai pamoja na mifugo yao. Migogoro ilizuka mapema kuhusu malisho, maji, kilimo na uchomaji wa nyasi. Mwaka 1956 utawala wa kikoloni ulipendekeza hifadhi igawanywe, jambo lililozua kelele kubwa miongoni mwa wahifadhi wa Ulaya na Marekani, na mwaka uliofuata kamati ya uchunguzi iliundwa. Mzozo ulikuwa umeshavuka bahari. Watu ambao hawajawahi kuukanyaga udongo wa Ngorongoro waliandika barua na kutoa maoni juu yake, wakati wenyeji wake walisikilizwa kupitia maofisa wa utawala na wakalimani.

Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri akina Grzimek wasinunue ardhi. Badala yake aliwaomba wafanye kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kikamilifu: kuwahesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu, ili mipaka mipya iwekwe kwa kuzingatia ushahidi. Baba na mwana walijifunza kurusha ndege kwa ajili ya kazi hiyo. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt katika ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa rangi kwa milia ya punda milia, wakaifikisha Tanganyika wao wenyewe.

Matokeo ya hesabu yao yalikuwa wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, wakiwemo nyumbu wapatao 99,000. Sensa ya mwaka 1961 iliyofanywa na wataalamu wengine ilikuta nyumbu zaidi ya 220,000, na inaelekea hesabu ya kwanza ilikuwa pungufu. Lakini thamani ya kazi ile haikuwa katika jumla tu. Kwa kuruka juu ya uwanda msimu baada ya msimu, waliona kwamba makundi ya nyumbu hayafuati mistari iliyochorwa ofisini. Wakati wa masika wanyama hao walitumia nyanda za mashariki, ambazo pendekezo la serikali lilikuwa linaziondoa kwenye hifadhi. Hoja hiyo ilikuwa nzito, ila ilichelewa, kwa kuwa uamuzi wa mipaka ulikuwa umekwisha kufanyika.

Tarehe 21 Aprili 1958, wakati kazi ya kuhesabu ikiendelea, wazee 12 wa Kimaasai waliridhia hati ya kuihama Serengeti ya magharibi. Waliahidiwa huduma za maji na haki ya kuendelea kuishi katika nyanda za Ngorongoro. Mwaka 1959 sheria ilianzisha Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 8,300, ambamo binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliliambia Baraza la Shirikisho la Wamaasai kwamba endapo maslahi ya watu na ya wanyama yatagongana ndani ya eneo hilo, ya watu yatatangulizwa. Mfumo huo wa matumizi mseto ya ardhi haukuwa na mfano mwingi duniani. Ulitokana na mapatano kati ya mtawala na wafugaji, na ndiyo maana hauwezi kueleweka kwa kutazama wanyama peke yao.

Grzimek hakuupenda. Msimamo wake, alioutangaza kwa uwazi katika kitabu na filamu, ulikuwa kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Aliwaona wafugaji na mifugo yao kuwa tishio kwa uoto na maji. Ni kweli pia kwamba wananchi wenzake walikuwa wametangulia kuifanyia fujo nchi hiyo: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani, akina Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya Kreta na walijaribu kuwafukuza nyumbu ili kupisha ng'ombe wao, na baadaye walowezi wengine wa Kijerumani walilima kahawa Oldeani. Ukilinganisha uharibifu wa bunduki na majembe ya walowezi na ule wa fimbo ya mfugaji, lawama kubwa ilikuwa upande gani? Swali hilo halikupewa nafasi ya kutosha katika filamu yake, na watazamaji wa Ulaya walibaki na picha ya upande mmoja.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa akirusha ndege ile ya milia peke yake. Tai aligonga bawa, ndege ikapoteza mwelekeo na kuanguka. Michael alifariki papo hapo, akazikwa ukingoni mwa Kreta, na mnara wa mawe ukajengwa juu ya kaburi lake. Baba yake aliikamilisha filamu waliyokuwa wakiipiga pamoja, iliyohimiza ulimwengu usiiache Serengeti ife. Mwaka 1960 filamu hiyo ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya matukio ya kweli, na kitabu chake kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Msiba wa familia moja ukaifanya Serengeti kuwa jina linalojulikana majumbani kote Ulaya.

Uhuru ulipokaribia, wahifadhi wengi wa nje waliingiwa na hofu kwamba serikali ya Waafrika ingeyapuuza mapori. Jibu lilitolewa Arusha, Septemba 1961, katika mkutano wa kimataifa wa uhifadhi. Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa, walitia saini tamko ambalo Tanganyika ilikubali ndani yake kuwa mdhamini wa wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, na wakati huohuo ikaeleza wazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, hivyo mataifa mengine yashiriki. Tamko hilo mara nyingi husomwa kama ahadi tu. Ukilisoma kwa makini, ni diplomasia pia, kwa sababu taifa lililokuwa linazaliwa liliieleza dunia kwamba kama urithi huu ni wa wote, basi gharama zake nazo ni za wote, ila usimamizi ni wa wenye nchi. Mwalimu hakujificha kwamba yeye binafsi hakuwa mtu wa kwenda kutazama mamba siku za mapumziko, lakini aliona wanyamapori wangeweza kuliingizia taifa fedha za kigeni.

Grzimek alilielewa hilo haraka kuliko wenzake wengi, na pengine hii ndiyo sifa yake kubwa kwa Tanzania. Aliacha kulalamika juu ya utawala mpya, akatafuta fedha. Tangu mwaka 1956 alikuwa na kipindi cha televisheni nchini Ujerumani, kilichodumu hadi kifo chake na kufikia matoleo 175. Mara nyingi alikuja studioni na mnyama hai, akamweka mezani, na mwishoni akawaomba watazamaji wachangie mfuko wa kuwasaidia wanyama walio hatarini. Michango midogo midogo ya wastaafu, wanafunzi na mama wa nyumbani ilikusanyika. Kutokana nayo FZS iligharimia utafiti, ndege, magari na vifaa vya doria. Maabara ya kumbukumbu ya Michael iliyojengwa Banagi ikawa chimbuko la taasisi ya utafiti ya Serengeti, ambayo ilikuja kufundisha dunia mengi kuhusu mienendo ya nyumbu, simba na nyasi.

Zipo pia hila zake. Akiwa kwenye kipindi hicho aliwatangazia Wajerumani kwamba ipo safari ya pamoja ya kutembelea Afrika Mashariki kwa marki 2,100, kitu ambacho hakikuwepo. Watazamaji walimiminika kwenye ofisi za mawakala wa usafiri kuulizia, na mawakala, walipoona wateja mlangoni, wakalazimika kuziandaa safari hizo kweli. Afisa habari hawezi kuwashauri wengine waige njia hiyo. Hata hivyo matokeo yake yalionekana, kwa kuwa watalii wa kawaida walianza kuja, mahali pa wawindaji matajiri wachache. Hoteli, gereji na masoko ya mboga ya Karatu ya leo yanaishi kwa wageni wa aina hiyo, wanaolala mjini humo kabla ya kupita lango la Lodoare kuingia Ngorongoro.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1965, na haukuhusu wanyama. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliirithi hali hiyo, na Ujerumani Magharibi haikukubali nchi yoyote iliyopokea msaada wake iwe na ubalozi wa hasimu wake. Tanzania ilitafuta njia ya kati, ikaruhusu Ujerumani Mashariki iwe na konseli kuu jijini Dar es Salaam bila kuitambua rasmi kama dola. Februari 1965 serikali ya Bonn iliadhibu uamuzi huo kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu alijibu kwa kuitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali, kwa kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote haiwezi kukubali msaada ugeuzwe hatamu. Uamuzi huo uligharimu. Miradi ilisimama na wataalamu wakaondoka, katika taifa changa ambalo halikuwa na akiba.

Fedha za FZS hazikuwa za Bonn. Mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya mtafaruku huo, jumuiya hiyo ilianza kuleta sokwe kutoka bustani za Ulaya na kuwaachia huru katika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kwa makubaliano na mamlaka za Tanzania. Jumla ya sokwe 17 waliletwa hadi mwaka 1969, na Rubondo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Tukio hilo linaonesha kitu ambacho mijadala mingi ya ufadhili wa asasi hukikosa. Msaada wa kutoka nje haufanani wote. Ule uliofungwa kwenye masharti ya kidiplomasia ulikataliwa bila kusita, na ule wa jumuiya ya wananchi uliokubali kufanya kazi chini ya taasisi za nchi ukaendelea kupokelewa. Kipimo hakikuwa utaifa wa mtoaji wala wingi wa fedha.

Kipimo hichohicho kiliwekewa utaratibu baadaye. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na kanuni zilizofuata, inayataka mashirika hayo yajisajili na kuweka wazi fedha yanazopokea na matumizi yake. Wapo wanaoiona kama mzigo, na zipo hoja za haki kuhusu namna taratibu hizo zinavyotekelezwa. Lakini wazo la kwamba mfadhili ajulikane na mradi wake uwe wa wazi lina historia ndefu zaidi ya sheria yenyewe.

Kati ya Uhuru na mwaka 1977 hifadhi za taifa ziliongezeka hadi 10. Si kazi ya Grzimek peke yake, wala haifai kumpa sifa isiyo yake. Bajeti ya serikali, Chuo cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963, maofisa wa Kitanzania kama Solomon ole Saibull, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kuwa Mhifadhi wa Ngorongoro, na askari wa doria wasiojulikana kwa majina, ndio walioibeba kazi ya kila siku.

Nyumbu nao wana historia inayomhusu Grzimek kwa njia ambayo hakuitarajia. Idadi yao ilipanda hadi kupita milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya sabini. Sababu kuu ilikuwa kutoweka kwa sotoka miongoni mwa wanyamapori, ugonjwa uliowaua ndama wa nyumbu kwa miongo mingi, na sotoka ilitoweka kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa. Yaani ng'ombe aliyeonekana kuwa adui wa nyumbu ndiye aliyechomwa sindano iliyomwokoa nyumbu. Grzimek, aliyeanza maisha kama daktari wa mifugo, alikuwa na elimu ya kutosha kuuona uzito wa jambo hilo.

Kwa Wamaasai wa Ngorongoro miaka hiyohiyo ilikuwa migumu. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya Kreta ziliondolewa, na mwaka 1975 sheria ilipiga marufuku kilimo ndani ya eneo lote na kuunda Mamlaka ya Hifadhi. Ahadi ya mwaka 1959 haikufutwa kwa maandishi, ila ilizidi kubanwa. Mwaka 1979 Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya maumbile yake, na ni mwaka 2010 tu ambapo UNESCO iliongeza thamani ya utamaduni, kwa kuzingatia nyayo za Laetoli na Bonde la Olduvai. Zile sauti za nje zilizoanza kupazwa miaka ya hamsini hazijanyamaza hadi leo, isipokuwa sasa baadhi yake hutetea wafugaji na baadhi hutetea wanyama, na zote zina wafadhili wake.

Nyumbani kwake Grzimek aliteuliwa kuwa mshauri wa serikali wa masuala ya mazingira wakati wa Kansela Willy Brandt, akajiuzulu mwaka 1973 kwa kuona hapewi nguvu ya kutenda. Mwaka 1978 alimwoa Erika, mjane wa Michael. Alifariki dunia tarehe 13 Machi 1987 jijini Frankfurt, akiwa anatazama onesho la sarakasi pamoja na watoto. Majivu yake yaliletwa Tanzania mwaka huohuo, yakapitishwa barabara ileile inayopanda kutoka Karatu, na kuzikwa kando ya mwanawe, katika eneo ambalo wafugaji waliendelea kupitisha ng'ombe wao.